Chombo cha Pumzi

Garsen, Alhamisi, 9 Oktoba 1997

Mume wangu. Naliandika tena neno hili kwa sababu kalamu yenyewe imelipenda: mume wangu. Wiki haijatimia tangu nitolewe kwa baba kule Hola na kuletwa hapa, na bado nikisikia mtu anasema "mke wa Mukhtar" nageuka kumtafuta huyo mwanamke mwenye bahati. Kumbe ni mimi, Abdia, niliyekuwa nikilala na kamusi kifuani wakati wenzangu wa kidato cha nne wanaota wachumba.

Mukhtar ndiye tabibu wa zahanati. Watu humwita daktari, naye kila mara husema, "Mimi ni klinikal ofisa," nao hujibu, "Sawa, daktari." Leo asubuhi nilimwona akimsikiliza mtoto kifua kwa ule mpira wa masikioni. Alifumba macho kama mtu anayesikiliza Kurani ikisomwa. Nilisimama na birika mkononi mpaka chai ikapoa.

Jambo moja linanichoma. Katika nyumba yao, mama wa bwana harusi humpa bibi harusi kibuyu kipya cha maziwa na kumwombea dua ndefu: ya ng'ombe, ya mvua, ya watoto, ya amani. Huisoma mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, bila kukatisha. Siku ya arusi mama mkwe alianza vizuri. Alipofika kwenye mvua, kikohozi kikamshika. Akaegemea nguzo, mabega yakapanda na kushuka, midomo ikawa rangi ya majivu. Shangazi mmoja akataka kumalizia, akamkataza kwa mkono. Dua ya mama haimaliziwi na mtu mwingine. Kwa hiyo kibuyu changu kimetundikwa kitupu. Hakitiwi maziwa mpaka yeye amalize, na kila mtu nyumbani anajua, hakuna anayesema.

Kwa mdomo sithubutu kumtaja mama mkwe kwa jina. Ndiyo adabu yetu Waorma. Lakini kalamu haina mdomo. Gumato. Jina zuri.

Jumapili, 12 Oktoba

Mukhtar kaniletea leso za rangi ya embe bivu. Nimezivaa zote mbili siku nzima, nje na ndani, na jasho lote hili.

Jumatano, 15 Oktoba

Leo nimemwuliza waziwazi mama anaumwa nini. Tulikuwa kizingitini, naye ananikata kucha. (Sikujua kama waume hukata kucha za wake zao. Hakuna kitabu cha shule kilichonieleza.)

"Ni mapafu," akasema. "Si TB, ingawa majirani wamemtengea kikombe chake. Makohozi yamepimwa Malindi, yakapimwa tena, hayana kitu. Ni mapafu yaliyovuta moshi tangu usichana. Mirija ya hewa imekuwa myembamba."

"Itapona?"

Akaacha kucha. "Haitarudi kuwa ya zamani. Lakini kuna namna ya kuishi nayo, Abdia. Nimeona Mombasa, watu wenye kifua kama chake wanatembea mpaka sokoni. Wa kwetu wanakuja wamebanwa, nawachoma sindano, wanaondoka, nakaa nawangoja wabanwe tena. Hiyo ni tiba gani?"

"Na mvua ikija?"

"Mvua ya mwaka jana nusura imchukue. Hii ya sasa, wanasema redioni..." Akarudi kwenye kucha, akazikata polepole mno, kama anazihesabu.

Nilikuwa nikidhani nimempenda mtu hodari. Leo nimeona anaogopa, na nimempenda zaidi.

Jumapili, 26 Oktoba

Mvua. Basi la Lamu limekwama topeni nje ya mji, abiria wameshuka wakanywa maji yao ya chupa na kuzitupa zile chupa za plastiki. Tabibu wa Garsen na mkewe wakaonekana na kila mtu wakiokota takataka njiani kama watoto!

Sababu ni hii. Mukhtar amepata boksi la pampu za kifua kwa kuombaomba hospitali moja Mombasa. Pampu ni kidude kidogo cha kubonyeza. Hutoa dawa kwa mvuke, nayo inaingia moja kwa moja palipoziba. Lakini mzee akibonyeza mdomoni, dawa hugonga ulimi tu, mapafu hayapati kitu. Basi mwalimu wake alimfundisha hila: unatoboa kitako cha chupa kwa waya wa moto, unachomeka pampu pale, mgonjwa anaweka mdomo kwenye mdomo wa chupa. Bonyeza mara moja. Dawa inajaa chupani kama ukungu, naye anaivuta taratibu, pumzi baada ya pumzi.

Nilijaribu chupa tupu. Pumzi yangu iliingia ikatoka, chupa ikafanya umande ndani. Sijawahi kuiona pumzi yangu. Tangu nizaliwe iko nami, na leo ndiyo mara ya kwanza kuitazama.

Jumanne, 28 Oktoba

Jumanne sasa ni siku ya kifua. Mukhtar amewaita wote wenye vifua sugu waje wakiwa wazima kidogo, si wakiwa wamebanwa, wafundishwe. Walikuja wanawake wengi wa Kiorma, wakaketi, wakafunga midomo kama milango. Mwanamke mwenye heshima hakai na kinywa wazi mbele ya mwanamume, sembuse kufyonza chupa! Mukhtar akanitazama. Nikaelewa. Nikatundika leso moja ya embe bivu iwe pazia, nikawafundisha mimi, nyuma yake, na yeye akitupa maneno kutoka upande wa pili.

"Waambie wapulize nje midomo ikiwa imebana, kama mtu anayepoza chai!"

"Wanapuliza!"

"Chai ya moto sana!"

Wakacheka, na kicheko kikawaletea kikohozi, na kikohozi kikawa somo.

Upande wa wanaume alikuwa mmoja tu, Mzee Gershom, Mpokomo wa Kulesa, mkulima wa mpunga na ndizi, aliyeacha tumbaku baada ya mapafu yake, asema, kuanza kupiga filimbi bila ruhusa. Alimwona mama mkwe anatoka nyuma ya pazia, akamchokoza:

"Ee, bibi wa ng'ombe, hata wewe wanyonya chupa siku hizi?"

Mama akasimama, akavuta pumzi aliyoipata, akaitumia yote: "Nanyonya, baba wa ndizi. Wewe hujaachishwa bado?"

Zahanati nzima ikaangua kicheko. Mama akaketi, anatweta, macho yanang'aa.

Jumanne, 11 Novemba

Nini niandike, nianzie wapi? Mama amekuja zahanati kwa miguu! Alipumzika njiani penye kivuli cha duka la Abdirashid, na tena penye daraja la mtaro, lakini alikuja kwa miguu yake. Usiku hakohoi sana. Jana nilimsikia akimkaripia mbuzi sentensi nzima.

Na jinsi anavyoipenda chupa yake! Ameisukia mfuniko wa ukindu wenye kishikio, na ameitundika kule kwenye pembe yake ya vibuyu, pahali pa heshima. Mimi mwari bado siruhusiwi kuingia pembe hiyo. Vibuyu vya mama haviguswi na mkwe mpya mpaka dua iishe na chake kitiwe maziwa. Lakini naiona kwa mbali, chupa ya maji ya abiria wa Lamu, imekaa kati ya vibuyu vya maziwa kama binti wa mfalme. Wanawake wenzake wameona, wameiga. Kila mmoja sasa ana mfuniko wake.

Mukhtar anatembea kama mtu aliyeinuliwa kidogo kutoka ardhini. Namwambia atashuka tu, chakula kikiwa tayari.

Jumatatu, 24 Novemba

Mto umetoka.

Nimekulia Hola kando ya Tana, nilidhani naujua. Leo tulipanda kilima cha barabara, nikashika mkono wa mume wangu mbele za watu bila aibu, kwa sababu hakukuwa na aibu iliyobaki duniani, palikuwa na maji tu. Maji ya rangi ya chai ya maziwa, mpaka mbingu inapoanzia. Vichwa vya minazi na migomba vinachungulia. Paa la nyasi zima lilipita linaelea, juu yake kuku watatu wanadonoana kama wako uani kwao. Hakukuwa na kelele. Nilitegemea ngurumo, lakini mto mkubwa hivi hausemi, unapita tu. Nikasema "Subhanallah" na sauti yangu ikawa ndogo kama ya sisimizi.

Barabara ya Malindi imekatika. Ya Hola imekatika. Watu wa Kulesa wanakuja kwa mitumbwi. Mzee Gershom amefika na jogoo kwapani na chupa yake ya pumzi imefungwa shingoni kwa kamba. Amepewa mahali nyuma ya zahanati.

Mukhtar anatazama maji na najua anawaza nini. Mtu akizidiwa sasa, hakuna pa kumpeleka. Ni sisi tu.

Alhamisi, 27 Novemba

Mvua.

Jumamosi, 29 Novemba

Mvua. Mbu kama moshi na moshi kama mbu. Kila nyumba moto uko ndani, milango imefungwa. Mukhtar kaniimbia wimbo wa shule ya bweni, hajui kuimba kabisa, nimefurahi mpaka nimelia.

Jumanne, 2 Desemba

Siku ya kifua. Mbaya. Mama alibebwa kwenye kiti. Wanawake wa boma letu wote vifua vinapiga filimbi, ilhali wana pampu, wanazo chupa, wanafuata mafunzo, nimewaona kwa macho yangu nyuma ya pazia wakivuta barabara.

Anayeendelea vizuri ni Mzee Gershom peke yake. Anawachotea maji watu wa mitumbwi.

"Mapafu ya Mpokomo yana magamba, mama daktari," akaniambia. "Tunapumua hata ndani ya mto."

Nikacheka. Mukhtar hakucheka. Alikuwa akimtazama Mzee Gershom kama mtu anayetazama hesabu iliyokataa.

Jumatatu, 8 Desemba

Mama hali chakula. Anakaa ameinama mbele, viganja magotini, hata kulala analala hivyo. Shingo yake inavuta kamba kila pumzi. Nimekaa naye tangu alfajiri nikimsugua mgongo, na nimejifunza kitu ambacho sikukijua katika miaka yangu yote ishirini: kwamba kupumua ni kazi. Mtu anaweza kuifanya kazi hiyo kama anayepanda ngazi isiyoisha, na akaendelea kupanda. Mwanamke huyu! Akipata nafasi kati ya pumzi mbili ananiuliza kama nimekula.

Mukhtar amezifungua pampu, amezitikisa, amezipima kwenye maji kama zimeisha. Anasema labda unyevu umeziharibu. Kisha anasema labda hajui kazi yake. Hili la pili amelisema akiwa ameupa ukuta uso.

Nikamwambia, "Mimi niliolewa na mtu anayeokota chupa barabarani. Huyo yuko wapi?"

Alinishika mkono, akaukaza.

Ijumaa, 12 Desemba

Naandika haya jua likichwa. Nitaandika kwa mpangilio, nisije nikapoteza hata moja.

Baada ya kifungua kinywa Mama alibanwa kuliko siku zote. Hakuweza kusema neno. Kucha zake zikawa za buluu. Mukhtar alimbeba mikononi mpaka zahanati, mvua inawapiga, mimi nyuma na pampu na ile chupa yenye mfuniko wa ukindu. Akamketisha, akamchoma sindano ya mshipa, anaisukuma dawa polepole, midomo inasoma dua.

"Mpe pampu," akaniambia. "Vuta naye, akufuate. Akikuona wewe umetulia atatulia."

Nikauondoa mfuniko. Nikaitia chupa mdomoni mwangu mimi kwanza, nimwonyeshe mwendo, nikavuta pumzi ndefu.

Nikakohoa mpaka machozi.

Moshi! Koo langu lilijaa moshi, ule moshi mtamu wa vibuyu, harufu ya maziwa ya kila nyumba ya Kiorma. Nikaiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Ndani ilikuwa ya rangi ya chai nzito, imeganda kama lami.

"Ayo," nikasema, kwani ndivyo tunavyomwita mama, "Ayo, chupa hii inafanywa nini?"

Akatazama chupa, akanitazama mimi, na katika hali ile ile akataka kunieleza, neno moja kwa kila pumzi. "Naifukiza. Kila. Asubuhi."

Niliona kila kitu kwa mara moja. Chombo chochote kinachogusa mdomo, kwetu, hakiachwi bila moshi. Kibuyu hutiwa vibanzi vya kijinga cha moto, hutikiswa, hufunikwa; maziwa hayaharibiki, mgeni haugui, nyumba haiaibiki. Mama alipewa chombo kipya cha thamani kuliko vyote, akakitunza kama vyombo vya thamani vinavyotunzwa. Kwa kuwa plastiki ingeyeyuka, amekuwa akiiinamisha chupa juu ya vibanzi vinavyofuka, mdomo chini, mpaka ijae, na kuifunika kwa ukindu moshi usitoke. Kisha anaivuta. Na wenzake wote wamemwiga.

Mukhtar alikuwa bado ameshika sindano. Alifumba macho, kama siku ile na yule mtoto.

"Havuti kwa hiyo tena," nikasema. "Tutoboe nyingine." Lakini chupa hazikuwapo, mvua imezichukua, basi halijapita tangu barabara ikatike.

Hapo sauti ikatoka mlangoni. Mzee Gershom, amelowa, jogoo yuko kwapani.

"Chukua yangu." Akaifungua shingoni. "Bibi wa ng'ombe, imeoshwa kwa sabuni kila siku kama sahani. Haina ndizi ndani."

Chombo cha mwanamume, cha Mpokomo, tena cha mdomoni mwake! Nikaogopa Mama atakataa. Nikaiosha mbio kwa sabuni na maji ya moto ya birika la sindano, nikachomeka pampu. Mama akanyoosha mkono mwenyewe, akaishika, akaiweka mdomoni.

Nikabonyeza. Ukungu ukajaa chupa. Nikapiga magoti mbele yake, uso kwa uso, nikavuta, naye akavuta. Nikapuliza kama mtu anayepoza chai, naye akapuliza. Umande ukafanyika ndani ya chupa, ukafutika, ukafanyika. Bonyeza tena. Sijui ilichukua muda gani. Nilikuwa natazama ule umande tu, unakuja na kwenda, mdogo, mweupe, nikafikiri: maji yote yale nje, mto mzima, na uhai wa mtu ni hiki, ni ukungu wa chupani.

Kisha mabega yake yakashuka kidogo. Kisha kidogo tena. Kisha akaondoa mdomo, akamtazama Mzee Gershom, akasema, pumzi moja, maneno matatu:

"Inanuka ndizi, mwongo."

Mzee Gershom akacheka mpaka jogoo akaruka. Na mume wangu, mume wangu, akaweka sindano chini, akatoka nje mvuani, akasimama na mgongo kwetu, nikaona mabega yake nayo yanapanda na kushuka.

Jumamosi, 13 Desemba

Mama amelala zahanati, ameketi kwa mito, anapumua. Mukhtar alikaa miguuni pake leo, akamwambia, "Ayo, unisamehe."

"Mimi ndiye niliyeitia moshi."

"Nilikufundisha kuvuta. Sikukuuliza chupa inalala wapi. Nilidhani kila mtu atajua."

"Wewe ni mwanamume. Utajuaje mambo ya vibuyu?"

"Ndiyo. Na sikuuliza wanaojua."

Akanitazama. Nilitaka kusema kwamba hata mimi ni mtoto wa Hola mjini, kwa baba maziwa yanakaa kwenye chupa ya chai, na pembe ile sijaruhusiwa kuikanyaga. Kuanzia sasa, amesema, hatawangoja watu zahanati tu. Tutakwenda nyumbani kwao, mimi na yeye, tuketi wanapoketi, tuone moto uko wapi, mlango uko wapi, chupa iko wapi, na tuwaombe watuonyeshe kabla ya sisi kuwaonyesha.

Tutatembea pamoja! Topeni, nyumba kwa nyumba. Bibi harusi gani ana fungate kama hii?

Jumanne, 16 Desemba

Siku ya kifua. Nilikuwa na hofu ya siku hii. Nani atawaambia wanawake waache kufukiza? Nyumba isiyonukia moshi wa maziwa kwetu ni nyumba ya mchafu. Mukhtar alijaribu kutoka upande wake wa pazia, akaeleza mirija, akaeleza masizi. Wakaitikia kwa heshima. Nikajua hakuna atakayeacha.

Ndipo Mama akaomba ainuliwe.

"Gumbi lako, kile chombo cha kukamulia," akamwuliza mwenzake mmoja, "unaweka maziwa ya mgando humo?"

"Mimi kichaa?"

"Na cha mgando unakamulia?"

"Haiwezekani. Kila maziwa na chombo chake."

Mama akapumzika, akapoza chai yake ya hewa, akaendelea. "Basi. Maziwa yanataka moshi, yana chombo chake. Pumzi haitaki. Ina chombo chake. Mimi nilivichanganya, nikawachanganya na nyinyi. Nimekaribia kufa kwa usafi."

Kisha yule mwenzake akaileta chupa yake, akainusa, akakunja uso. "Naona kweli. Yanuka kama mume wangu."

Sabuni ikatafutwa. Wakaosha pamoja, chupa zote, mpaka maji ya beseni yakawa meusi. Zisizotakata zitangoja chupa mpya. Nilisimama na taulo nikitazama mikono yao, mikono iliyofukiza vibuyu vya nchi hii nzima, ikisugua plastiki kwa upole kama inayoosha watoto.

Jumapili, 21 Desemba

Moto wa kufukizia umetoka nje. Mukhtar amejenga kibanda kisicho na kuta, upande upepo unakokwenda. Nani atafukiza sasa? Wenye vifua vizima. Yaani mimi! Mama amelegeza mwiko hata kabla dua haijaisha, kanikabidhi vibuyu vyake vyote isipokuwa changu, akaketi mbali, upande upepo unakotoka, akinifundisha kwa kupiga kelele.

"Unafukiza au unachoma nyumba?"

"Nafukiza, Ayo!"

"Tikisa! Si hivyo, unambembeleza nani humo ndani? Tikisa!"

Nimeungua kidole. Kupiga kelele, mwanamke huyu! Wiki iliyopita alikuwa na neno moja kwa kila pumzi.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Ramadhani imeingia na mwaka umeingia. Mama alitaka kufunga, Mukhtar akamkumbusha mgonjwa ana ruhusa. "Nitalisha masikini badala yake," akasema, na masikini wa kwanza aliyemwona ni Mzee Gershom, ambaye ni Mkristo na ana shamba kubwa kuliko letu, ingawa liko chini ya maji. Amempelekea maziwa. Naye kapokea, kwa heshima kabisa.

Tumetembelea nyumba tisa. Katika nyumba moja chupa ilikuwa ikitumika kumnywesha mwanambuzi. Mukhtar hakukasirika. Alimsifu mwanambuzi.

Jumatano, 14 Januari

Helikopta imeleta unga. Mukhtar kaniletea chupa tupu za marubani kama mtu anayeleta maua.

Ijumaa, 30 Januari

Idi Mubarak!

Maji yanarudi mtoni. Yameacha tope jeusi linalong'aa, na nyasi tayari zimechomoza. Ng'ombe wachache waliosalia wamerudishwa kutoka nyanda za juu, wamekonda, lakini mmoja mwekundu ana ndama.

Baada ya swala, Mama aliniita uani mbele ya watu wote. Kibuyu changu kilikuwa mkononi mwake. Ameniambia nisimame. Asubuhi alikuwa amevuta pampu yake kwa chupa safi, akapumzika, akatembea taratibu kuzunguka boma kama Mukhtar alivyomfundisha, sikujua anajiandaa.

Akaanza. Ng'ombe: wazae, waongezeke, wasikanyage miiba. Mvua: akafika kwenye mvua, na mimi nikafunga macho, nikasikia Mukhtar kando yangu ameacha kupumua. Mama akasimama. Akabana midomo, akapuliza taratibu, kama mtu anayepoza chai ya moto sana. Wala hakuna aliyesema dua imekatika. Pumzi nayo ni sehemu yake. Mvua: ije kwa kiasi, mto ukumbuke njia yake. Watoto. Watu wakaitikia "Amin." Amani: ya nyumba, ya jirani, ya mtu wa ng'ombe na mtu wa ndizi. Mzee Gershom akaitikia kwa sauti kuliko wote.

Akamaliza.

Amemaliza! Akanipa kibuyu, akanituma nikakifukize mwenyewe kibandani, kisha nimkamue yule mwekundu. Nilikamua nikilia. Nikamletea, akaonja, akanirudishia ninywe.

Nilikunywa. Maziwa yalikuwa ya moto na yananukia moshi. Mama alikuwa amesimama upande upepo unakotoka, ananitazama, anapumua.